Musazi: aliyeunganisha bei ya pamba na haki ya kura

Wafanyabiashara wengi wanaofika Kampala wanaujua uwanja wa Kololo, angalau kwa kuupita. Hapo ndipo bendera ya Uganda ilipopandishwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, na ndipo marais wanapoapishwa. Wasiolijua wengi ni kaburi lililo katika uwanja huo. Aliyelazwa pale hakuwahi kuwa rais wala waziri mkuu. Ni Ignatius Kangave Musazi, mwanzilishi wa chama cha kwanza cha siasa cha nchi nzima nchini Uganda.

Kabla ya kuanzisha chama hicho, Musazi aliwakusanya madereva, kisha wakulima wa pamba. Siasa yake ilianzia kwenye mizani, kwa swali ambalo kila mwenye mzigo Busia, Malaba, Mutukula, Katuna au Mpondwe amewahi kujiuliza: bei hii imepangwa na nani, kibali hiki kimeamuliwa wapi, na mbona mwenye mali hakuitwa?

Mtoto wa Bulemezi

Musazi alizaliwa mwaka 1905 huko Timuna, Bulemezi, katika eneo ambalo leo liko wilayani Luwero, kaskazini mwa Kampala. Miaka mitano kabla, mwaka 1900, machifu wa Buganda walikuwa wametia saini mkataba na Waingereza. Mkataba huo uligawa ardhi ya Buganda kwa hati. Machifu na jamaa zao wakapata sehemu kubwa, na wakulima wengi wakajikuta wapangaji katika mashamba ambayo babu zao walikuwa wakiyalima. Baraza la Buganda, Lukiiko, lilipewa viti 89, na karibu vyote vilikuwa vya machifu na watu walioteuliwa.

Kijana huyo alisoma King's College Budo, shule iliyojengwa kuwalea watoto wa wakubwa. Kutoka hapo alipelekwa Uingereza kusomea dini, ikitarajiwa kwamba atarudi kuwa kasisi. Alirudi lakini hakuvaa joho. Alifanya kazi katika elimu, na angeweza kuzeeka humo kwa heshima kama wasomi wenzake. Njia aliyoichagua ilimpeleka kwa watu ambao hawakuwa na shule wala cheo.

Mwaka 1938 alishiriki kuanzisha kikundi kilichoitwa Wana wa Kintu. Kintu, katika masimulizi ya Waganda, ndiye mtu wa kwanza na baba wa wote. Jina hilo peke yake lilikuwa hoja: kama wote ni wana wa Kintu, kwa nini wachache ndio wasemao kwa niaba ya wote? Kikundi kiliwalenga mawaziri wa Mengo, makao ya serikali ya Buganda, kikiwashutumu kwa kuwasikiliza Waingereza kuliko wananchi.

Muda mfupi baadaye, yeye na James Kivu wakawakusanya madereva wa magari wa Kampala na kuunda chama chao, ambacho huhesabiwa kuwa chama cha kwanza cha wafanyakazi nchini Uganda. Madereva walikuwa watu wa pekee enzi hizo. Walijua barabara zote, walibeba mizigo ya kila mtu, na habari ya Kampala iliwafikia watu wa Masaka au Jinja kupitia kwao kabla haijaandikwa gazetini.

Pamba na mizani yake

Ili kumwelewa Musazi, lazima kuielewa pamba. Mbegu zake zililetwa Uganda mwaka 1903 na Kenneth Borup wa kampuni ya Uganda Company, iliyokuwa na uhusiano na wamisionari. Serikali ya kikoloni ililipenda zao hilo, maana reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901 na ilihitaji mizigo ya kubeba. Wakulima nao walilipenda kwa sababu liliwapa fedha ya kodi, ya nguo na ya ada za shule. Reli ilipofika Kampala yenyewe mwaka 1931, pamba ndiyo iliyokuwa mzigo mkuu wa nchi.

Mkulima alilima, akapalilia, akavuna, akachambua safi na chafu, akabeba gunia hadi kwa mnunuzi. Hapo ndipo uwezo wake ulipoishia. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Kiwanda cha kuchambua pamba, kinachotenga nyuzi na mbegu, kilikuwa cha Mhindi au cha Mzungu. Bei ilitangazwa na serikali. Katika miaka ya 1930 nchi iligawanywa kanda za ununuzi, na pamba mbegu haikuruhusiwa kuvushwa kutoka kanda moja kwenda nyingine. Mkulima aliyesikia kwamba ng'ambo ya mto wanalipa vizuri zaidi hakuweza kwenda kuuza huko. Mpaka ulikuwa ndani ya nchi yake.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serikali ilishika biashara yote ya kuuza pamba nje. Bei ya dunia ilipanda, lakini aliyelima alilipwa kiasi kidogo, na tofauti ikawekwa katika mfuko maalumu. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba mfuko ungemlinda mkulima siku bei itakapoanguka, na kwamba fedha zikimwagwa vijijini wakati maduka hayana bidhaa zingepandisha bei za vitu. Fedha za mfuko huo baadaye zilisaidia miradi ya maendeleo. Hoja ya serikali ilikuwa na maana yake, lakini hakuna mkulima aliyeulizwa. Fedha zilikuwa zake na uamuzi haukuwa wake.

Mwaka wa migomo

Januari 1945 wafanyakazi wa Kampala walitupa zana chini. Mishahara ilikuwa ileile huku bei za vita zikipanda kila mwezi. Mgomo ulienea mji kwa mji, na hasira ikageukia Mengo. Mweka hazina wa Buganda, Serwano Kulubya, alilazimika kujiuzulu.

Septemba mwaka huohuo Lukiiko ilipitisha sheria iliyoruhusu ardhi kuchukuliwa kwa shughuli za umma, ikiwemo upanuzi wa Chuo cha Makerere. Kwa watu ambao ardhi ilikuwa kidonda tangu 1900, sheria hiyo ilionekana kama mlango wa kunyang'anywa tena. Asubuhi ya tarehe 5 Septemba, waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alipigwa risasi na kuuawa katika kanisa kuu la Namirembe. Serikali ikafanya msako mkubwa. Musazi alikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kupelekwa mbali na nyumbani.

Aliporudi hakuanza na mikutano ya hadhara. Alianza na wakulima. Mwaka 1947 aliongoza kuundwa kwa Chama cha Wakulima Waafrika wa Uganda. Madai yake yalikuwa rahisi kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kupima gunia: wakulima wapewe haki ya kuchambua pamba yao wenyewe, na wauze wenyewe bila kupitia mikono mingi. Chama kilieneza tawi kwa tawi. Kilipokataliwa, wanachama walizuia pamba yao majumbani badala ya kuipeleka kwa wanunuzi. Kwa familia inayotegemea msimu mmoja wa mauzo kwa mwaka, huo haukuwa uamuzi mdogo.

Siku ya Mengo, Aprili 1949

Tarehe 25 Aprili 1949 umati ulikusanyika mbele ya ikulu ya Kabaka, Mengo. Walikuwamo wafuasi wa Bataka, yaani chama kilichobeba jina la wakuu wa koo, na watu wa Chama cha Wakulima. Wajumbe wao walipeleka mbele ya Kabaka Mutesa II, aliyekuwa kijana wa miaka 24, madai matano.

Walitaka wananchi wawachague machifu wao. Walitaka wawakilishi wa kuchaguliwa katika Lukiiko wafikie 60. Walitaka mawaziri waliokuwapo waondoke. Walitaka kuchambua pamba yao. Na walitaka kuuza mazao yao nje ya nchi kwa uhuru.

Madai matatu yalikuwa ya utawala na mawili ya biashara, yote katika karatasi moja. Huu ndio mchango ambao Musazi na wenzake waliuacha katika siasa ya Uganda. Serikali ilizoea kuyatenga mambo hayo: habari ya bei ipelekwe kwa afisa wa kilimo, habari ya vyeo ipelekwe kwa chifu. Wakulima walikuwa wametambua kwamba afisa na chifu wanalindana, na kwamba atakayetaka mizani ya haki lazima awe na sauti mahali ambapo sheria ya mizani inatungwa.

Kabaka hakuwapa jibu walilolitaka. Ghasia zikazuka, nyumba za machifu zikachomwa katika sehemu nyingi za Buganda, watu wakapoteza maisha na wengi wakafungwa. Bataka na Chama cha Wakulima vikapigwa marufuku.

Hasara hiyo haifai kufunikwa. Waliochomewa nyumba walikuwa na watoto ndani yake, na waliopigwa risasi barabarani hawakuiona pamba yao ikichambuliwa na mikono yao. Musazi alijifunza, au angalau matendo yake ya baadaye yanaonyesha, kwamba umati unaweza kufungua mlango lakini hauwezi kuendesha kiwanda.

Ushirika na daftari lake

Baada ya marufuku, Musazi aligeukia ushirika na kutafuta marafiki nje. London alipata sikio la wanasiasa waliopinga ukoloni, akiwemo mbunge wa Labour, Fenner Brockway. Chombo kipya kikaundwa, Shirikisho la Wakulima Waafrika wa Uganda, ambalo lilikusanya vikundi vya wakulima vikiuza kwa pamoja. Wageni wawili walikuja kusaidia kuliendesha. Mmoja alikuwa Mmarekani George Shepherd, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo. Mwingine alikuwa Mwingereza John Stonehouse, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri nchini kwake, kisha akashangaza dunia mwaka 1974 kwa kujifanya amekufa maji ufukweni Miami kabla ya kukamatwa Australia akiwa mzima.

Shirikisho lilikuwa na wanachama na moyo, lakini halikuwa na mtaji wa kutosha. Benki hazikuwa tayari kuwakopesha wakulima Waafrika. Magari yaliharibika, hesabu zikachanganyika, na fedha za wanachama zikawa ngumu kufuatilia. Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na ndivyo ilivyokuwa. Musazi alikuwa na kipaji cha kuwaamsha watu na kuwapa ujasiri. Kusimamia stoo na vitabu vya hesabu hakukuwa kipaji chake, na wakulima waliomwamini walilipa gharama ya upungufu huo.

Hata hivyo mambo yalikuwa yameanza kusogea. Mwaka 1952 gavana mpya, Andrew Cohen, aliridhia sheria iliyovipa vyama vya ushirika uhuru zaidi, na serikali ikaanza kuvisaidia kununua viwanda vya kuchambua pamba. Katika milima ya Elgon, wakulima wa kahawa wakaunda Ushirika wa Bugisu mwaka 1954. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mwanza, wakulima wa pamba waliochoshwa na mizani za wanunuzi wakaongozwa na Paul Bomani hadi kuunda Victoria Federation mwaka 1955. Machi 1953 mabadiliko ya Buganda yalitangaza kwamba wajumbe 60 kati ya 89 wa Lukiiko watachaguliwa. Ni idadi ileile iliyodaiwa mbele ya ikulu miaka minne kabla, na watu kufungwa kwa ajili yake.

Chama cha nchi nzima

Machi 1952, jijini Kampala, Musazi alianzisha Uganda National Congress na kuwa rais wake. Katibu mkuu alikuwa Abu Mayanja, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa Makerere. Mkatoliki, Mwislamu au Mprotestanti, Mganda au Mlango, wote waliruhusiwa. Chama kilidai Uganda moja yenye kujitawala, na kujitawala huko kuanze sasa.

Matawi yalifunguliwa ndani na nje ya Buganda, hadi Lango, Acholi, Teso na Bugisu. Mara nyingi waliokibeba chama huko walikuwa walewale wa vyama vya ushirika: wachuuzi, wenye maduka madogo, makarani na wakulima wenye shamba la kutosha kununua baiskeli. Habari zilipita katika magazeti ya Kiganda na katika mtaa wa Katwe, chini ya kilima cha Mengo, ambako karakana, viwanda vidogo vya uchapaji na vibanda vya biashara vilikuwa vimesongamana.

Mtihani mkubwa wa chama ulikuja mwaka uliofuata, na ulihusu umoja wa Afrika Mashariki. Juni 1953 waziri wa makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, akihutubia chakula cha jioni London, aligusia uwezekano wa shirikisho la makoloni ya Afrika Mashariki. Wakati huo Waingereza walikuwa wakiunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland juu ya vichwa vya Waafrika. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, na walowezi wake wakiwa na nguvu kubwa. Buganda ikaona shirikisho kama kamba ya kuifunga kwa walowezi wa Nairobi. Kabaka alipinga na kudai ratiba ya uhuru. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Cohen alimkamata na kumpakia ndege hadi Uingereza.

Musazi, ambaye miaka minne kabla watu wake walikuwa wameghadhibikia serikali ya Kabaka, sasa alisimama kumtetea Kabaka arudi. Wapo walioona ni kigeugeu. Lakini hoja yake ilikuwa ileile: uamuzi mkubwa ulikuwa umefanywa na mtu asiyechaguliwa na watu ambao ungewagusa. Mwaka 1954 chama kiliitisha kususia maduka ya wasio Waafrika. Wauzaji Wahindi wengi ambao hawakumfukuza Kabaka walipoteza wateja, na uchungu huo ulibaki katika mahusiano ya mitaa ya biashara kwa miaka mingi. Serikali ikatangaza hali ya hatari katika Buganda. Wakati huohuo mawakili wakapeleka kesi, na Novemba 1954 mahakama kuu ikaona kwamba serikali ilikuwa imetumia kifungu kisicho sahihi cha mkataba wa 1900. Kabaka alirudi tarehe 17 Oktoba 1955, akapokewa na umati ambao Kampala haikuwahi kuuona.

Kupitwa na wakati

Ushindi huo ulikipunguzia chama nguvu badala ya kukiongezea. Mengo, ikiwa imempata mfalme wake, haikutaka tena vyama. Nje ya Buganda, vijana waliona chama kimejifunga mno kwenye mambo ya Waganda. Ndani ya chama, viongozi walizozana juu ya fedha na madaraka, na fahali wengi hawakukaa zizi moja. Kufikia mwaka 1959 kilikuwa kimegawanyika vipande. Kipande kimoja kiliongozwa na Milton Obote, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria akitokea Lango kwa tiketi ya chama cha Musazi. Machi 1960 kipande hicho kiliungana na wengine na kuwa Uganda People's Congress. Obote ndiye aliyekuwa waziri mkuu bendera ilipopanda Kololo.

Musazi hakushika usukani wa nchi aliyoidai kabla ya wengine. Aliishi kuona ikulu ya Mengo ikishambuliwa na jeshi mwaka 1966 na falme kufutwa mwaka uliofuata. Aliona Wahindi wakifukuzwa mwaka 1972, wenye maduka waliopanga nyumba Kampala kwa vizazi vitatu wakipewa siku 90 kuondoka. Aliona Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ikivunjika mwaka 1977, na mipaka kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vita vilipita katika Bulemezi alikozaliwa na kuacha mafuvu kando ya barabara.

Baada ya 1986 aliona pia wanavijiji wakipanga mstari nyuma ya wagombea kuchagua baraza la watu tisa la kusimamia kijiji chao. Wananchi kuwachagua wakubwa wao wa mitaa lilikuwa dai mojawapo la mwaka 1949.

Alifariki mwaka 1990, na serikali ikaamua azikwe Kololo.

Miaka tisa baada ya kifo chake, huko Arusha, marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walitia saini mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki. Tarehe ilikuwa 30 Novemba 1999, siku ileile ya mwaka ambayo Kabaka alipakiwa ndege kwa kukataa muungano ambao haukuwauliza wananchi. Mkataba huo mpya unatamka kwamba Jumuiya itaongozwa na watu na soko. Leo mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kuvuka na cheti rahisi cha asili ya bidhaa, mradi bidhaa imetoka katika nchi wanachama na imo katika orodha iliyokubaliwa.

Orodha hiyo inatungwa katika kikao, kama bei ya pamba ilivyokuwa ikitungwa. Chama cha wafanyabiashara chenye wanachama hai, na chenye daftari lililo sawa, kinaweza kudai kiti katika kikao hicho. Dai la kwanza kati ya hayo mawili Musazi aliliweza. La pili ndilo lililomshinda.